Inzi Juu ya Pua ya Mwoka Mikate

Kwetu, mwanaume akienda kuomba mke, mdomo wake anauacha nyumbani. Anakwenda na koti lake, mbuzi wake na macho yake mawili. Maneno yote anabebewa na mjomba. Mjomba akisema vizuri, kijana anapata mke. Mjomba akisema vibaya, kijana anarudi na mbuzi wake, na hana wa kumlaumu, kwa sababu mwenyewe ndiye aliyemchagua.

Kavuo aliijua desturi hiyo tangu utotoni, lakini hakuwahi kuichukia kama Jumapili ile mchana, akiwa amesimama nyuma ya pazia la jikoni, nyumbani kwao Vulamba, mjini Butembo. Kupitia tundu la pazia alimwona Éphraïm wake, aliyekuja kumposa. Mungu alimpa Éphraïm miguu mirefu, na wakwe walimpa kiti cha plastiki kifupi chenye mikono, basi alikuwa amekaa magoti juu kama panzi. Koti lilikuwa la kuazima. Shati lilikuwa jeupe hadi linaumiza macho.

"Toka ku pazia," shangazi yake Anne-Marie alimnong'oneza huku anageuza ugali. "Batasema uko na njaa ya bwana."

"Njaa iko, tantine. Nikatae juu ya nini?"

"Funga kinywa! Unaona vile binti anaongea!" Anne-Marie alisema hivyo, lakini naye alikuja akaweka jicho kwenye tundu. "Mais lakini miguu yake ni mirefu kweli. Utashona suruali za huyu mutu mpaka vitambaa vya soko viishe."

Kavuo alitabasamu, maana ni kitambaa kilichowakutanisha. Yeye alikuwa fundi wa kushona sokoni. Siku moja alitokea mtu mrefu, amefika na pikipiki kutoka Beni, vumbi hadi kwenye kope, akamwambia: "Nataka shuka kubwa sana, mais hapana mushono katikati."

"Kitanda cha nani hicho?" Kavuo alimuuliza.

"Haiko ya kitanda. Ni juu ya bata."

Wenzake wote wa cherehani walicheka hadi wakaacha kazi. Mgeni hakukasirika. Aliwaeleza polepole kwamba yeye anatengeneza redio na televisheni kule Beni, komini ya Ruwenzori, na kwamba anakusanya katuni za zamani sana, zile za kuangukaanguka na kupigana vikumbo, zilizo kwenye kanda za filamu. Amezitafuta kwenye stoo za misheni, kwenye nyumba za mashamba ya kahawa zilizoachwa, hata kwa mama mmoja aliyekuwa anafungia kuku kwa ukanda wa filamu. Jioni anatundika shuka ukutani na watu wa mtaa wanakuja kuangalia. Katika moja ya katuni hizo kuna bata bukini anayepita katikati ya picha, na shuka lake la sasa lina mshono hapo katikati, basi kila siku bata anakatwa shingo.

"Inanichoma roho," alisema mgeni. Alimaanisha.

Kavuo alitafuta kitambaa kipana duka kwa duka hadi akakipata, akakikunja pembeni tu. Kisha akasema hawezi kukitoa kabla hajamwona huyo bata. Ndivyo alivyofika Beni, kwenye chumba cha nyuma ya karakana, kwenye masanduku ya mabati. Éphraïm alifungua moja moja, akainamia na kunusa kila ukanda, kama mama anavyonusa kichwa cha mtoto. Ukanda ukianza kufa unanuka siki, alimweleza. Ukinuka siki, unautenga na wengine, usije ukawaambukiza.

Halafu alimwonyesha mwoka mikate. Mtu mfupi, tumbo kama pipa, masharubu kama ufagio, anafukuza bata aliyeiba mkate. Katikati ya mbio hizo, kwa muda wa kufumba na kufumbua, inzi anatua juu ya pua ya mwoka mikate, kisha hayupo.

"Umemuona?" Éphraïm aliuliza.

"Inzi?"

"Huyu haiko wa kuchora. Ni inzi wa kweli. Alitua ku karatasi wakati banapiga picha, na hakuna mutu alimuona. Kopi zingine balizisafisha. Hii yangu ilibakia naye." Alimtazama Kavuo kama mtu anayekabidhi siri ya ukoo. "Ule inzi alikufa mbele baba yangu azaliwe. Mais kila mara nikiweka filme, anarudia kutua."

Mwanamke mwingine angekimbia. Kavuo alisema, "Weka tena."

Sasa mtu huyo alikuwa amekaa sebuleni kwao, mdomo umefungwa kwa desturi, na kaka yake Kavuo alikuwa anakohoa ili kuanza maneno magumu.

Éliakim, kaka mkubwa, alikuwa mfanyabiashara wa kuleta vigae na masufuria kutoka ng'ambo. Tangu baba yao azikwe, yeye ndiye aliyeshika nyumba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeangalia kila kitu na kukipima kitatosha wapi kwenye kontena.

"Bon," alisema. "Mukwe Timothée, hatuna neno na mbuzi. Mbuzi ni muzuri. Tuko na neno na mutu. Hapa mujini bananicheka. Banasema: Éliakim, dada yako anaolewa na mutu ya ndevu mwenye kuangaliaka dessins animés, katuni ya batoto. Ni kweli ao ni uongo?"

Timothée, mjomba wa Éphraïm, alikuwa dalali wa malori. Alijua kusema, na tayari alikuwa ameshusha bilauri kadhaa za kasiksi, ile pombe ya ndizi isiyomwonea mtu haya.

"Ni kweli kidogo," alisema. Wazee wakacheka.

"Basi sikiliza. Nilimuomba alete masanduku yake yote leo. Iko inje, ndani ya jeep yenu. Kuko mutu mumoja Bulaya anakusanyaka hivi vitu. Nilimutumia photo zenye Éphraïm mwenyewe alinitumia, na anataka yote, zaidi ile ya inzi. Éphraïm auzishe. Afungue magasin hapa Butembo, akuwe mutu mukubwa kama benzake. Hapo dada yetu tutamupa na mikono miwili."

Nyuma ya pazia, Kavuo ndipo alipoelewa. Juzi tu Éphraïm alimpigia simu, furaha inamwagika: "Kaka yako ameomba nilete mashine na masanduku yote! Anataka kuona! Sikukuambia? Kila mutu anapendaka kucheka." Maskini. Alifikiri shemeji yake anataka kucheka. Amepakia vitu vyote, amevifunga kwa blanketi visipige mashimo ya njia, amevileta mwenyewe hadi mikononi mwa mnunuzi.

Na kabla hata Kavuo hajavuta pumzi, Timothée alipiga goti lake kofi.

"Atauzisha! Hiyo ni neno ya kushindania? Hata leo atauzisha! Mutoto wetu hana matata."

Kinywa cha kuazima hakina kufuli. Éphraïm alifungua mdomo, akaufunga. Polepole akageuza kichwa kuelekea pazia, na kwenye lile tundu dogo macho yake yakakutana na jicho la Kavuo. Hayakuwa macho ya kulalamika. Yalikuwa yanamuuliza: unataka nifanye nini?

"Aseme kitu!" Kavuo alinong'ona. "Tantine, juu ya nini anayamaza?"

Anne-Marie alimshika mkono. "Akimupinga mujomba wake mbele ya bakwe, amepasua nyumba yake mwenyewe. Batabeba mbuzi yabo na kurudi Beni. Unajua vizuri. Na weye vile vile, ukiitwa, unajibu neno moja na unarudia huku. Usinitie haya, mama."

Hapo ikasikika sauti ya mama yake Kavuo, mama Rébecca, aliyekaa pembeni na kanga ya matanga bado kichwani. Tangu msiba huyo mama alikuwa anazungumza kidogo, na kucheka alikuwa ameacha kabisa. Watoto wake walishajaribu kila kitu: safari, redio mpya, wajukuu.

"Mbele ya kuuzisha," alisema mama Rébecca, "miye nione kwanza ni kitu gani."

Éliakim hakuweza kumkatalia mama yake. Éphraïm aliinuka haraka hadi akapiga kichwa kwenye taa. Masanduku yakaletwa, mashine ikaletwa, madirisha yakafunikwa blanketi, shuka lisilo na mshono likatundikwa juu ya picha ya harusi ya wazazi. Jenereta likanguruma uani, na mashine ikaanza kulia tikitikitiki, sauti kabisa ya cherehani. Kavuo aliruhusiwa kusimama mlangoni mwa jikoni, hatua moja asivuke.

Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, imejaa mikwaruzo kama mvua. Mwoka mikate alipanga mikate yake dirishani, akageuka kidogo, bata akachukua mmoja. Mwoka mikate akahesabu kwa kidole, akakuna kichwa, akaweka mwingine. Bata akachukua na huo. Mzee Maliro, mkubwa wa ukoo, akasema kwa sauti, "Geuka nyuma, mujinga!" Mwoka mikate hakugeuka. Alikanyaga mti wa kusukumia unga, akateleza jiko zima, akatoka dirishani, akatembea hewani hatua chache bila kujua, akatazama chini, akaaga watu kwa mkono, ndipo akaanguka. Alirudi mlangoni amekuwa bapa kama chapati. Akaweka kidole gumba mdomoni, akapuliza, pfff, tumbo likarudi mahali pake.

Kwenye giza kulitoka sauti ambayo Kavuo hakuitambua mara moja. Ilianza kama kikohozi. Kisha ikapanda.

Mama Rébecca alikuwa anacheka. Alicheka kwa mabega, kwa tumbo, kanga ikamteleza hadi shingoni. Inzi alipotua kwenye pua, mama alinyoosha mkono kabisa: "Mumufukuze! Mumufukuze hiyo inzi!" Maliro alimwaga kasiksi kwenye suruali yake. Anne-Marie aliacha ugali uungue. Kavuo alimtafuta kaka yake kwenye mwanga ule unaochezacheza, akaona kwamba Éliakim haangalii picha hata kidogo. Anamwangalia mama.

Mashine ikazimwa, blanketi moja likafunguliwa. Watu walipangusa macho. Kavuo alifikiri, yamekwisha, Mungu ni mwema. Hakuna mtu atakayeuza kitu kama hiki.

Éliakim akakohoa tena. Sauti yake haikuwa ngumu kama mwanzo, lakini maneno yalikuwa yale yale.

"Ni muzuri kweli. Njo maana ule mutu anaitaka vile."

"Éliakim, mutoto wangu," alisema mama.

"Mama, neno imesemwa. Mukwe Timothée alisema atauzisha, wote tulisikia. Tutafanya je sasa, tumeze neno ya mutu mukubwa?" Alijikuna shingo. "Papa Maliro, mumuite dada."

Maliro alijiweka sawa na suruali yake iliyolowa. Sasa ilikuwa saa ya swali. Kwetu mbuzi haguswi hadi binti aitwe, aulizwe mbele ya wote kama anamjua huyu mwanaume. Akisema ndiyo, kamba inapokelewa. Akisema hapana, hata kama mahari ni ng'ombe wa dunia nzima, wageni wanarudi kwao.

Kavuo aliingia akapiga magoti kama alivyofundishwa. Alimwona Éphraïm kwa karibu. Jasho lilikuwa limeshika shati lile jeupe. Alijua sasa jambo moja kwa hakika: mtu huyu atauza. Kwa ajili yake atauza masanduku yote, na hatamlaumu siku moja. Watafunga ndoa, watapanga redio dukani, na jioni atakaa kitandani akinusa mikono yake mitupu. Na yeye Kavuo atamwangalia.

"Kavuo, mutoto wetu," alisema Maliro, "mutu huyu anasema anakutaka. Mujomba wake amesema maneno, tumesikia. Unamujua huyu mutu?"

Neno moja tu. Anne-Marie alikuwa ameshika fremu ya mlango.

"Hapana," alisema Kavuo.

"Weye unacheza?" Éliakim alisimama. "Simu ya kila siku unapigiaka nani? Shuka ulimushonea nani?"

"Mutu nilimushonea shuka hawezi kuuzisha hizi vitu, kaka. Huyu mwenye mujomba wake amesema, mwenye atauzisha juu yangu, simujui. Sijamuonaka." Machozi yalimtoka bila ruhusa. "Hamukuniuliza kama namupenda. Muliniuliza kama namujua."

"Yesu Maria," alisema Anne-Marie.

Timothée alichukua kofia yake. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa aibu. "Basi. Tumeelewa. Tufunge mbuzi twende, njia ni murefu."

Kavuo aliinamisha kichwa. Alikuwa ameyasema, na maneno hayana mkia wa kuyavutia nyuma. Alisikia wazee wanainuka, viatu vinatafutwa. Alikuwa amempoteza kwa mdomo wake mwenyewe, na hakujua kama ni ujasiri au ni ujinga.

Kisha ikasikika kraak ya plastiki.

Éphraïm alikuwa amesimama. Alikuwa amesimama vibaya, maana kiti kifupi kilikuwa kimemng'ang'ania kiunoni kwa mikono yake miwili, kikasimama pamoja naye. Alijaribu kukisukuma kwa mkono mmoja, kikakataa. Akakiacha.

"Sitauzisha," alisema.

"Éphraïm!" Timothée alishika kichwa.

"Munisamehe, tonton. Ulisema ku nafasi yangu, aksanti. Mais sitauzisha. Hata moja."

"Mukwe amesema!" Maliro aliinua fimbo, macho yametoka. "Mukwe amefungula kinywa mbele ya bakwe! Ni amende! Mbuzi moja juu yake!"

"Nitalipa," alisema Éphraïm. "Papa Maliro, kama mbuzi ya mudomo nimekubali kulipa, naweza kumaliza kusema?"

Maliro alifikiri. Alitazama kile kiti. Masharubu yake yalitikisika kidogo. "Maliza. Mais ni mudomo ya mbuzi moja tu. Usirefushe."

"Kaka Éliakim," alisema Éphraïm, "ulisema nikuwe mutu mukubwa. Kule Beni tuliona siku za kuogopa, mbaya sana, batu banalala na viatu ku miguu. Miye nilitundika shuka. Bakristo bakakuja, Baislamu bakakuja, mutu wa luga hii na wa luga ile, juu mule ndani hakuna mwenye anasema neno, kila mutu anaelewa. Banaona mutu anaanguka toka juu, anakuwa kama chapati. Kisha anasimama. Balikuwa na haja ya kuona mutu anasimama. Donc basi ile vitu haiko ya kuuzisha. Magasin nitafungua, nitatengeneza maredio hapa, mikono niko nayo. Mais dada yako sitamubadilisha na kitu, juu haiko bidhaa, na ile vile vile haiko bidhaa."

Kavuo alifikiri amemaliza. Lakini Éphraïm alimgeukia yeye, kiti kikageuka naye, kikampiga Timothée kwenye mbavu.

"Na kitu kingine, Kavuo. Ile filme nimeiona mara mingi, naijua kama sala. Tangu siku ulikuja Beni, nikiiweka, siyo mwoka mikate naangalia. Naangalia weye vile unacheka. Ukikataa, nitarudi kuangalia mwoka mikate. Si mubaya. Mais haitakuwa sawa."

Mama Rébecca alianza tena. Alijaribu kuzuia kwa kanga, akashindwa, akacheka huku anajifuta machozi, na safari hii haikujulikana ni machozi ya nini.

Éliakim alikaa chini. Alionekana amechoka, kama mtu aliyebeba nyumba mgongoni tangu mazishi na ndipo sasa amepata pa kuitua.

"Na ule mutu wa Bulaya?" aliuliza, lakini alimuuliza mama yake. "Nitamuambia nini?"

"Mwambie mama yako amekatala," alisema mama Rébecca. "Mwambie nilianza tu kucheka."

Kaka mtu akamfanyia Maliro ishara kwa kidevu. Timothée akaweka kofia yake chini, polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Bon," alisema mzee Maliro. "Tunaanza tena, juu mara ya kwanza hatukuuliza vizuri. Kavuo. Huyu mutu mwenye kusimama pale na kiti. Unamujua?"

"Ndiyo," alisema Kavuo.

Neno moja, kama alivyofundishwa. Ilibaki kuinuka na kurudi jikoni kwa shangazi yake. Kavuo aliinuka, lakini jikoni hakwenda. Alivuka mkeka, akapita mbele ya wajomba wote bila kuinama, akafika nyuma ya Éphraïm, akakamata miguu ya kile kiti na kuvuta kwa nguvu zote za fundi wa kushona. Kiti kilitoka ghafla. Wote wawili waliyumba, na ili asianguke, alimkumbatia kiunoni, pale pale, mbele ya ukoo mzima. Hakumwachia upesi.

"Binti amemushika bwana mbele mbuzi ipokelewe!" Maliro alinguruma, fimbo juu tena. "Ooo! Amende ya pili! Nani atalipa hiyo?"

"Hiyo mbuzi," alisema Kavuo, kiti mkono mmoja, mwanaume mkono mwingine, "nitalipa miye."